Majimaji na Makavu: Tulivyozoeana na Ratiba Mpya ya Mapipa

Ratiba ya zamani haikuhitaji akili: pipa moja, siku moja kwa wiki, kila kitu humo humo. Ratiba mpya ya halmashauri ilituletea mapipa matatu. Dogo, lenye mfuniko wa kubana, ni la mabaki ya chakula na huzolewa kila wiki. Makubwa mawili hupishana: wiki hii linachukuliwa la taka rejeshi, yaani zinazoweza kutengenezwa upya kama karatasi, chupa na makopo, wiki ijayo linachukuliwa la taka zilizobaki. Maana yake lile pipa tulilozoea kuliona likimwagwa kila wiki sasa lingekaa nasi wiki mbili nzima.

Karatasi ya tangazo ilieleza rangi za mapipa kwa ufundi mkubwa. Ilikuwa na mishale, picha, hata katuni ya kopo linalocheka. Sababu ya mabadiliko haikuelezwa, na watu wasipopewa sababu hujitungia. Jirani mmoja alisema wanabana mafuta ya magari. (Nadhani hakuwa mbali na ukweli.) Mwingine akasema ada ni ile ile, huduma nusu. Mama mkwe wangu, ambaye tunaishi naye, hakujali ada wala mafuta. Aliuliza jambo moja tu: "Wiki mbili, mwanangu? Na hiyo harufu tutaipeleka wapi?"

Katika yote niliyosikia mwezi ule, mitaani na mikutanoni, hilo ndilo swali lililokuwa na uzito. Mengine yote tuliyojifunza baadaye yalitokana nalo.

Pipa lenyewe halinuki. Kinachonuka ni chakula kilichomo, na chakula kina maji mengi. Ukitoa maganda, mifupa na masalio ya sahani kwenye taka za nyumba ya kawaida, kinachobaki ni vikaratasi, vifungashio, vumbi la kufagia, soli iliyobanduka. Vitu hivyo vinaweza kukaa mwezi bila mtu kuziba pua. Kwa hiyo anayepanga ratiba ya mapipa kwa kweli anapanga ratiba ya kuoza. Nzi wa nyumbani, kukiwa na joto, hutoka yai hadi nzi kamili kwa muda wa siku saba hadi kumi hivi. Chakula kikikaa pipani wiki mbili, umemlea nzi hadi kaota mabawa. Kikiondoka kila wiki, unamkatiza njiani. Ndiyo sababu pipa dogo halikupishanishwa na mengine, jambo ambalo lingetosha kuandikwa kwenye tangazo kwa sentensi moja na kutupunguzia nusu ya kelele.

Kuna sababu nyingine, kubwa kuliko pua zetu. Chakula kikifukiwa dampo, chini ya matabaka ya taka, hukosa hewa, na kuoza bila hewa hutoa methani. Kwa kipimo cha miaka 100, gesi hiyo hupasha joto angahewa takriban mara 28 kuliko hewa ya ukaa ya uzito uleule. Korea Kusini ilipiga marufuku kufukia mabaki ya chakula moja kwa moja kwenye madampo tangu 2005. Ufaransa iliagiza taka hizo zitengwe kuanzia Januari 2024. Kwa hiyo lile pipa dogo lililoonekana kama mzaha wa ofisi fulani ni sehemu ya jambo linaloenea duniani. Nilipomweleza mama mkwe haya, alinisikiliza kwa heshima hadi mwisho, kisha akasema methani ni yao, yeye anataka kujua kikapu cha jikoni kitakaa wapi.

Alikuwa na haki kabisa. Mimi nimekuja kuamini kwamba kutenga taka hakuhitaji moyo mwema sana, kunahitaji mahali. Chombo cha mabaki tulikiweka kwanza nje ya mlango wa nyuma, palipoelekezwa na tangazo, na kwa siku kadhaa hakuna aliyekifikia isipokuwa mimi. Watoto walikuwa wanakwangua sahani kwenye ndoo ya taka za kawaida kwa sababu ndiyo iliyokuwa karibu na mikono yao. Mama mkwe hakuhubiri. Alibadilisha nafasi tu: ndoo kubwa ikaenda pembeni, kijichombo kidogo chenye mfuniko kikakaa pale pale zinapooshewa sahani. Kuanzia hapo kukosea ndiko kulikohitaji hatua za ziada. Sijawahi kuona somo la mazingira lililofanya kazi kwa haraka hivyo.

Udogo wa kile chombo nao una maana. Kikiwa kikubwa, mtu husubiri kijae, na kinapojaa kimeshaanza kunong'ona. Kidogo humlazimu mtu kukimwaga kila jioni. Yapo mengine ambayo hutayakuta kwenye mishale ya tangazo: chuja kwanza, maana mchuzi ukiingia pipani ndio unaoteremka chini na kuwa ule uji mweusi usioelezeka. Tandika gazeti ndani ya chombo, chini kabisa, linanyonya unyevu na kuoza pamoja na vilivyomo. Mifupa na mabaki ya nyama, kama una friza yenye nafasi, yafunge uyaweke humo hadi usiku wa kuamkia siku ya gari. Mafuta yaliyopikiwa yasimwagwe kwenye sinki. Yakipoa huganda au kunata ndani ya mabomba, na kuzibua bomba ni kazi ambayo hakuna gari litakalokuja kukufanyia. Pipa lenyewe lisuguliwe kwa maji na sabuni kila baada ya kumwagwa, kisha liachwe wazi juani likauke. Unyevu uliobaki chini ndio unaowaita nzi kabla hujatia hata ganda moja.

Baada ya chakula kupata kwao, jambo la pili lilijitokeza lenyewe: karatasi zetu zilikuwa safi. Hapo awali gazeti liliingia pipani likiwa zima na kutoka limeloa. Sasa boksi lilikuwa boksi, chupa ilikuwa chupa. Nilielewa kwa nini watu wa kazi hii huanza kila mazungumzo na majimaji na makavu kabla ya kutaja rangi yoyote. Ukitenga majimaji, makavu yanajitenga karibu yenyewe. Ukiyachanganya, hata ukiwa na mapipa kumi utapata takataka za aina kumi.

Kituo cha kuchambulia taka kilipofungua milango kwa wakazi, nilikwenda, nusu kwa udadisi na nusu kwa kutaka kuhakikisha kwamba vitu tulivyotenga havichanganywi tena huko mbele, kama alivyoapa jirani yangu mmoja. Havichanganywi. Lakini nilichokiona kimenibadilisha namna ya kutupa kuliko karatasi zote za matangazo.

Taka rejeshi humwagwa kwenye mkanda unaokimbia. Mwanzoni kabisa wamesimama watu, wenye glavu nzito, wakichomoa kwa mikono vitu ambavyo mashine haiviwezi: nguo, viatu, mipira ya kumwagilia, vyombo vya kupikia, na mifuko iliyofungwa. Nilimwuliza dada mmoja kwa nini mfuko uliofungwa unatupwa mzima bila kufunguliwa. Alinijibu huku mikono yake ikiendelea: "Kaka, ndani kunaweza kuwa na sindano. Na mkanda haunisubiri." Kwa hiyo yule anayejaza chupa safi kwenye mfuko wa plastiki, akaufunga fundo zuri na kuutia kwenye pipa la taka rejeshi, amejisumbua bure. Chupa zinatakiwa ziwe huru.

Mfuko wenyewe ni balaa jingine. Mbele ya mkanda kuna mihimili yenye sahani za mviringo zinazozunguka. Maboksi hupita juu yake na vitu vidogo hudondoka chini. Mifuko na karatasi za nailoni hujiviringisha kwenye mihimili ile kama nywele kwenye kitana, hadi mtambo usimame na mafundi waingie na visu kuzikata. Baada ya hapo sumaku huinua makopo ya chuma. Alumini haivutwi na sumaku, kwa hiyo hutumika gurudumu la sumaku linalozunguka kwa kasi, ambalo huzusha mkondo wa umeme ndani ya kopo na kulirusha upande wa pili. Linaruka kweli, kama limepigwa teke. Kopo hilo lina thamani: kuyeyusha alumini ya zamani hula nishati pungufu kwa asilimia 95 hivi kuliko kuitengeneza upya kutoka kwenye madini yake.

Plastiki hutambuliwa kwa mwanga usioonekana kwa macho. Mashine huumulika mkanda, husoma jinsi kila kipande kinavyourudisha mwanga, kisha pumzi ya hewa hukipuliza kwenye fungu lake. Hapo nikajifunza habari ya plastiki nyeusi. Rangi yake ya masizi humeza ule mwanga, mashine haioni kitu, na sinia jeusi linaendelea na safari hadi kwenye fungu la kufukiwa, hata kama liliundwa kwa plastiki nzuri kabisa. Vitu vidogo kuliko ngumi, kama vifuniko vilivyotupwa peke yake, hudondoka kwenye matundu na kuchanganyika na vigae vya chupa. Kumbe ni bora kurudisha kifuniko kwenye chupa yake.

Na ile pembetatu ya mishale yenye namba chini ya chombo, ambayo kwa miaka nilidhani ni ahadi kwamba kitarejelezwa? Ile alama ya mishale inayofuatana ilichorwa 1970 na mwanafunzi wa Marekani, Gary Anderson, kwa ajili ya mashindano. Namba 1 hadi 7 zilikuja 1988 kutoka kwa wenye viwanda vya plastiki, na zinaeleza aina ya plastiki tu. Hazisemi kwamba kuna mtu anayeitaka. Namba 1 na 2, chupa za vinywaji na madumu ya sabuni, zina wanunuzi karibu kila mahali. Namba 5 inategemea. Nyingine nyingi hazina. Msimamizi wa kituo alitamka jambo hili bila kumung'unya maneno, na nilimpenda kwa hilo: kitu kinarejelezwa kama kuna mtu wa kukinunua, basi.

Wanunuzi nao wamekuwa wagumu. Kwa miaka mingi China ilikuwa inapokea karibu nusu ya plastiki chakavu iliyosafirishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine. Mwaka 2018 ilifunga mlango kwa plastiki za majumbani na karatasi zilizochanganywa, na kwa aina ilizoendelea kuzipokea ikaweka kiwango cha uchafu kisichozidi asilimia 0.5. Nchi zilizokuwa zikisafirisha zikajikuta na milima ya mabelo, yaani marobota ya taka zilizobanwa pamoja, yasiyo na pa kwenda. Boksi moja lililoloa mchuzi lilikuwa linavumilika zamani. Leo linaweza kushusha bei ya belo zima. Nadhani ndiyo maana wazoaji wetu wameanza kuinua mifuniko na kuchungulia, na kubandika stika nyekundu kwenye pipa lililochafuliwa kisha kuliacha pale pale limejaa.

Stika hiyo ndiyo iliyozua ugomvi mkubwa kuliko yote. Wenye nyumba zao, pipa likiachwa, mkosaji anajulikana. Kwenye jengo la ghorofa ambako mapipa ni ya pamoja, mtu mmoja anateremsha nepi usiku kwenye pipa la karatasi na familia zote zinaadhibiwa. Shemeji yangu anaishi kwenye jengo kama hilo. Walijaribu matangazo ukutani, wakajaribu kufunga kamera, wakaitana majina. Kilichotuliza mambo ni mabadiliko ya vifaa: mapipa ya karatasi na chupa yakawekewa mifuniko yenye tundu, la karatasi ufa mwembamba, la chupa duara dogo. Nepi haipiti kwenye ufa. Kamera walizing'oa.

Kuhusu nepi, hapa ratiba mpya imewaonea watu, na nasema hivi nikiwa mtetezi wake. Nyumba yenye mtoto mchanga, au mzee anayevaa nepi, au mgonjwa anayehudumiwa kitandani, haiwezi kupunguza taka zake kwa nidhamu. Nepi haiwekwi na mabaki ya chakula, hairejelezwi, na wiki mbili ni muda mrefu. Halmashauri yetu inatoa pipa la ziada kwa nyumba hizo, lakini ni lazima uombe, na ili uombe lazima ujue kwamba lipo. Vivyo hivyo wazee wasioweza kusukuma pipa hadi barabarani: upo utaratibu wa wazoaji kuingia uani kulichukua. Niliufahamu kwa bahati, kutoka kwa mzoaji mwenyewe. Kama una jirani wa namna hiyo, mwulizie. Fomu ni fupi.

Kuna kitu ambacho hakistahili kuingia kwenye pipa lolote kati ya haya matatu, nacho ni betri. Betri za lithiamu, zile za simu na za vifaa vya kuchajiwa, zikibanwa ndani ya gari la taka hutoboka na kuwaka. Kule kituoni walituonyesha ukuta uliobabuka kwa moto wa namna hiyo. Nyumbani tumetenga mkebe wa betri zilizokufa, tunazibandika utepe wa kunata kwenye ncha zake, na ukijaa tunaupeleka kwenye sehemu za kuzikusanyia.

Sipendi kusikia kwamba kutenga taka ni wazo geni la siku hizi. Eugène Poubelle, aliyekuwa mkuu wa mkoa uliohusisha jiji la Paris, aliamuru mwaka 1883 kila jengo liwe na vyombo vyenye mifuniko, na alitaka viwe vitatu: vya vitu vinavyooza, vya karatasi na matambara, na vya vigae, pamoja na makombe ya chaza. Wenye nyumba walilalamikia gharama. Waokotaji matambara, ambao waliishi kwa kuchakura taka zilizomwagwa barabarani, walilalamikia riziki yao. Mapipa yakabaki, lakini kule kutenga hakukushika.

Nawafikiria wale waokotaji kila ninapowaona wenzao wa leo. Kabla gari halijafika, asubuhi na mapema, hupita watu na magunia wakitafuta chupa na makopo. Mapipa yenye mifuniko na kufuli, kwa baadhi yao, ni mlango wa kazi uliofungwa, na hakuna aliyewaita kwenye mikutano yetu ya ratiba. Baadhi ya majirani wanawafukuza kwa madai kwamba wanachafua. Sisi tunaweka chupa na makopo kwenye kiroba pembeni ya pipa, ambako wanaweza kuvichukua bila kuchakura. Kwa jinsi mtambo ule unavyofanya kazi, mkono wa mtu anayejua bei ya kila chupa huchagua vizuri kuliko mashine, na kwa gharama ndogo zaidi.

Sasa pipa letu la taka zilizobaki, siku ya kumwagwa, halifiki nusu. Juzi nilikagua kilichomo kwa kutumia fimbo, watoto wakinicheka. Karibu chote kilikuwa vifungashio laini: pakiti za matabaka, plastiki iliyobandikwa juu ya alumini, vijipakiti vya kutumia mara moja. Hakuna pipa linalovipokea, kwa sababu matabaka yake hayatenganishiki kwa urahisi na hakuna anayevinunua. Nimeosha vyombo, nimechuja, nimerudisha vifuniko kwenye chupa. Hapa mikono yangu inaishia. Aliyeamua kubandika plastiki juu ya alumini hakuniuliza. Ujerumani, mwaka 1991, iliwatwisha watengenezaji na wauzaji jukumu la kukusanya vifungashio vyao kwa gharama zao, na nchi nyingi zimefuata kwa namna mbalimbali, zingine zikiwatoza zaidi wanaotengeneza visivyorejelezeka.

Halmashauri imeitisha mkutano mwingine mwezi ujao. Inataka pipa la taka zilizobaki lizolewe kila baada ya wiki tatu. Kwa nyumba yetu haitaleta shida, na nitasema hivyo nikiulizwa. Lakini kabla ya kuunga mkono nitataka nijue mambo mawili: wenye nepi watazolewa lini, na hao wanaotengeneza vijipakiti wameongezewa mzigo gani, ikiwa sisi tunaongezewa wiki. Mama mkwe ameshasema atakuja. Ana swali lake, na amekataa kunieleza ni lipi.